Magadi Jikoni kwa Veneranda

Makande yale niliyapika mimi, Koleta, na siombi radhi kwa mtu. Nasema hili mapema kwa sababu huku Gonja watu wameshalisimulia kila mmoja kwa namna yake, wengine wakimsingizia Ikupa, ambaye kosa lake lilikuwa kubeba sufuria tu. Magadi niliyatia kwa mkono wangu huu, na Jumamosi ile ikirudi leo, nitayatia tena.

Sisi ni wanawake watatu. Veneranda na mimi ni wa mlimani, tumezaliwa huku, tumeolewa huku na waume zetu tumewazika huku. Nyumba zetu zinatazamana, katikati ni migomba na mfereji. Ikupa ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Alikuja na mumewe kwenye mashamba ya mkonge kule bondeni, mume akastaafu, akafariki, na badala ya kurudi kwao Ikupa akajenga Maore, huko huko bondeni. Anasema amezoea joto na amezoea kutugombeza. Kila Jumamosi hupanda na bodaboda, amejifunga khanga mbili, kikapu mapajani, huku akimfokea dereva kona zote mpaka juu.

Jumamosi ndiyo siku yetu. Mwenye zamu hupika, wageni huja na kitu kimoja. Ikupa huleta vitumbua vya mchele wa bondeni, vingali na joto ndani ya kitambaa. Mimi nina mparachichi nyuma ya nyumba, na wanaosema parachichi zangu zina nyuzi wana wivu. Veneranda akiwa na zamu hupika makande, halafu chai ya maziwa yenye tangawizi inayolimwa kule Mamba, aliyoiponda mpaka inakuchoma kooni na kukufungua pua. Tunakaa jikoni kwenye vigoda, siyo sebuleni. Sebuleni kuna makochi yenye vitambaa na picha za marehemu, hapachekeki.

"Nyinyi Wapare mnatafuna mahindi kama kuku," Ikupa husema kila mara, sahani ikiwa tupu mbele yake.

"Na wewe uliyekulia ndizi, mbona hujabakiza hata punje ya kuwarushia hao kuku?" humjibu Veneranda, na hapo tunacheka mpaka mbavu zinauma. Nimekwenda harusi nyingi, nimekula pilau za watu wakubwa, lakini raha ya pale jikoni sijaipata kwingine.

Tuna sheria moja tu: mgeni hagusi chungu. Huku kwetu mwanamke akiingia jikoni kwako akashika mwiko bila kuitwa, basi pana msiba au amekuja kukutukana. Ikupa hakuijua sheria hiyo mwanzoni. Siku moja aliongeza chumvi kwenye mboga yangu nilipotoka kuchukua kuni, na nilikaa wiki kadhaa bila kumsemesha. Tangu hapo, akija kwangu hukaa mbali na mafiga kama yana nyoka.

Kiharusi kilimpata Veneranda mwaka jana, mvua za vuli zilipoanza, akiwa anachuma majani ya maboga. Hospitali walimrudishia maneno, wakamrudishia na mguu, ingawa unaburuta kidogo. Mkono wa kulia ulikataa. Anaweza kuuinua kidogo kwenye bega, vidole vinakunjika vikipenda vyenyewe, basi. Nikawa nampikia kwangu na kuvuka mfereji na bakuli asubuhi na jioni. Alikula. Hakusema kitamu, hakusema kibaya, na hilo ndilo lililonitisha, maana katika maisha yake Veneranda hajawahi kula chakula changu bila kukitia kasoro.

Jumamosi ziliendelea, lakini zilikuwa Jumamosi za kuigiza. Tulikaa jikoni kwake kwenye mafiga baridi, tukila vilivyopikwa kwingine. Chai yangu aliinywa akitazama majivu.

Fredrick ni mwanawe wa pekee. Ana duka la vipuri vya pikipiki Same mjini, ana mke mwema, Irine, na mwenyewe ni kijana mwema, ndiyo maana nilishindwa kumchukia. Mwezi wa sita alipanda kuja kuzungumza na mama yake, na sisi wawili tulikuwepo, na hatukuondoka.

"Mama, mtu asiyeweza kujipikia hawezi kuishi peke yake," alisema. "Mama mdogo Koleta anakusaidia, Mungu ambariki, lakini na yeye ana magoti yake. Njoo Same. Irine ameshaandaa chumba."

"Nitafanya nini Same?"

"Utapumzika."

"Nani amekuambia nimechoka?"

"Mama, siku ukianguka na moto jikoni, mimi nitajisamehe vipi?"

Kijana alikuwa anaumia, macho yake yalionyesha. Veneranda akaketi wima.

"Njoo Jumamosi," alisema. "Utakula makande niliyopika mimi, jikoni kwangu. Ukikuta sikuweza, nitapanda gari lako bila neno."

Fredrick alikubali. Ikupa na mimi tulitazamana. Najua kutoka Gonja hadi Same mjini si mwisho wa dunia. Lakini namjua Veneranda. Mkalishe mbele ya televisheni ya mtu, apikiwe na binti wa kazi, aulizwe kama amekunywa dawa, na kabla mwaka haujageuka tungekuwa tunashuka na sanda.

Ijumaa aliingia jikoni peke yake, akanikataza nisimsumbue. Mchana nikasikia kishindo. Nilivuka mfereji bila viatu. Nilimkuta ameketi sakafuni, sufuria imelala ubavu, mahindi na maharage yametapakaa kwenye majivu, moto umezimika, unafuka tu. Alikuwa amejaribu kuitua mafigani ikiwa imejaa, kwa mkono mmoja.

"Umeungua?"

"Hapana."

Nilianza kuokota maharage. "Acha," alisema. "Acha, Koleta. Nenda ukaniletee lile sanduku langu chini ya kitanda."

Sikuleta sanduku. Aliingia mwenyewe ndani, akapanga nguo, akalala ametazama ukuta. Asubuhi ya Jumamosi mlango wa chumba chake ulikuwa bado umefungwa. Nilipogonga alisema, "Akija, mwambieni niko tayari."

Basi mtu afanye nini? Nilirudi kwangu nikapika. Mahindi niliyokuwa nayo yalikuwa ya mwaka jana, magumu kama kokoto, na saa zilikuwa zinakimbia. Nikatia magadi ili yaive haraka. Mtu yeyote angetia. Ikupa alipofika na bodaboda yake nilimweleza yote, naye hakubishana. Alitupa khanga begani, akabeba sufuria, tukavuka mfereji tukiwa tumeinama kama wezi wa kuku. Tuliwasha moto jikoni kwa Veneranda, tukayamimina makande kwenye sufuria yake, tukaweka mwiko wake juu.

"Ndaga fijo," Ikupa aliiambia sufuria, yaani asante sana kwa kikwao. "Usituaibishe."

Tulikuwa tumevunja sheria yetu, na tulijua. Nilijiambia kuwa huu ni msiba, na kwenye msiba inaruhusiwa.

Fredrick alifika mchana, na mfuko wa samaki, perege wa kubanika kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, aliowanunua kule mjini.

"Shikamoo mama mdogo. Shikamoo mama Ikupa."

"Marahaba, baba. Mama yako amepika, njoo ukae," nikasema nikimwingiza sebuleni, sauti yangu tamu mpaka mimi mwenyewe nilijishuku.

Veneranda alitoka chumbani amevaa gauni la kanisani. Alisikia "amepika" akasimama mlangoni. Alinitazama, akamtazama Ikupa, na Ikupa akaona jambo la muhimu sana kwenye dari. Kabla Veneranda hajafungua kinywa, nilikuwa nimeshamletea mwanawe sahani imejaa.

Fredrick alitia kijiko kinywani, akatafuna taratibu. Akatia cha pili. Halafu akaiweka sahani chini kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza.

"Mama," alisema, "wewe hujawahi kutia magadi kwenye makande. Nilipokuwa mdogo yalinivuruga tumbo, ukaapa hayataingia jikoni kwako."

Sikulijua hilo. Miaka yote nimekula makande ya Veneranda nikadhani hatii magadi kwa sababu ya ubahili.

Veneranda alichukua kile kijiko kwa mkono wa kushoto, akaonja, akatema nje ya mlango.

"Magadi!" alifoka. "Koleta, umetia magadi jikoni kwangu!"

"Nimetia ili usiondoke!" Nami nikafoka. "Ulitaka nikuangalie tu ukipandishwa gari kama gunia?"

"Afadhali nipandishwe gari nikiwa Veneranda, kuliko kubaki hapa nikiwa uongo wako!"

Ikupa alianza kulia. Fredrick alisimama katikati yetu, mikono imeinuliwa. "Mama, mama mdogo, tafadhali. Sijakasirika. Mmefanya kwa upendo. Lakini mmenionyesha kuwa nilikuwa sahihi. Mama, twende tu."

Hapo ndipo nilipoona kitu usoni kwa Veneranda ambacho sikuwa nimekiona tangu vuli. Alikuwa amekasirika. Siyo huzuni, hasira, ile yake ya zamani ya kugombania mpaka wa shamba. Nilifurahi kuiona hata kama ilikuwa inanielekea mimi.

"Perege hao umemletea nani?" alimuuliza mwanawe.

"Wewe, mama."

"Na wewe umekula?"

"Bado."

"Basi njooni jikoni. Nyote. Mkae, na mikono yenu iwe mapajani. Atakayenyanyua kidole, asikanyage tena kwangu."

Tulikaa. Ikupa aliikalia mikono yake kabisa, moja chini ya kila paja, maana anajijua. Veneranda aliimwaga ile kazi yangu kwenye ndoo ya kuku bila kunitazama. Kwa sufuria ndogo ya ugali alikuwa na ujanja: hakuijaza maji na kuibeba, aliitua tupu juu ya mafiga, ndipo akachota maji kwa kikombe, kikombe baada ya kikombe, mpaka yakatosha. Nikawaza, jana ungefanya hivi. Nadhani naye alikuwa anawaza hivyo hivyo, maana alitingisha kichwa na kujisonya.

Mchuzi ulikuwa rahisi. Nyanya alizifinya kwa kiganja moja kwa moja ndani ya kisufuria kingine, ngozi na mbegu na yote. Kitunguu alikiweka kwenye kinu akakigonga kwa mchi. Chumvi, mafuta kidogo, perege juu, mfuniko, akakitega kwenye makaa kando ya mafiga. Harufu ikapanda, na tumbo la Fredrick likanguruma tukalisikia wote. Hakuna aliyecheka. Tulijua bado ugali.

Wewe unayesoma hii, kasonge ugali kwa mkono mmoja halafu uje tuongee. Mkono mmoja unashika mwiko, sawa. Nani anashika sufuria? Maji yalipochemka alitia unga, akakoroga, ikawa uji, mpaka hapo mambo yakaenda. Akaongeza unga. Ugali ulipoanza kushikana, sufuria ikaanza kuzunguka na mwiko. Alisukuma kulia, ikaenda kulia. Alivuta, ikaja. Halafu ikayumba juu ya figa, uji ukaruka ukampata kwenye kifundo cha mkono.

Fredrick alinyanyuka.

"Kaa chini!"

"Mama, imekuunguza!"

"Nimeungua mara ngapi nikikupikia? Kaa!"

Alikaa. Alikuwa na machozi. Mimi nilikuwa nimekamata kigoda changu kwa vidole vyote, na nawaambia kweli, kuacha kuishika sufuria ile kulikuwa kugumu kuliko kazi yoyote niliyofanya shambani. Ilikuwa karibu yangu. Ningenyoosha mkono tu.

Veneranda alisimama, mwiko mkononi, akahema. Alilitazama jiko lake kana kwamba ni mtu anayebishana naye. Ugali ulikuwa unapata moto chini, ungeanza kuungua, na sote tulijua. Kisha alivuta ufito mrefu kwenye rundo la kuni. Ncha moja akaichomeka kwenye ufa chini ya ukuta, ule ufa ambao Fredrick amekuwa akitaka kuuziba, akaulaza ufito juu ya sikio la sufuria, na ncha ya pili akaikanyaga kwa mguu wake wa kulia, ule unaoburuta. Akaegemea. Sufuria ikatulia tuli.

"Ehee," alinong'ona Ikupa. "Ehee!"

Bado mkono mmoja haukuwa na nguvu ya kugeuza. Akautafuta wa pili. Kwa mkono wa kushoto aliuinua ule wa kulia, taratibu, kama unavyomwinua mtoto aliyelala, akaupachika juu ya mpini wa mwiko, akavikunja vidole kimoja kimoja vikaushika. Halafu akaweka wa kushoto juu yake, akainama na mwili mzima.

Ugali ukageuka.

Akageuza tena. Akakandamiza pembeni, akavuta katikati, akapiga. Jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni na gauni la kanisani limeenea unga. Kila alipogeuza alitoa mguno, nasi bila kupanga tukaanza kuguna naye. Ng'h! Ikupa, ng'h! Fredrick naye, mwanaume mzima mwenye duka, ng'h! Kama mtu angepita njiani angedhani tunazalisha ng'ombe.

Hakuinua sufuria. Alisukuma kuni nje, moto ukapungua, akaburuta sahani karibu na kupakua kwa mwiko, bonge baada ya bonge. Haukuwa ugali wa kupigia picha. Ulikuwa na vidonge vya unga, na chini ulikuwa umeshika. Aliwapanga perege kando, akamsogezea mwanawe sahani ya kwanza kwa kiwiko, maana kiganja kilikuwa kimechoka.

"Kula," alisema. "Na useme kweli."

Fredrick alinawa, akamega tonge, akachovya. Tulimtazama kinywa kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

"Una vidonge," alisema.

"Ninavijua. Endelea."

"Na chumvi imezidi kwenye mchuzi."

"Hiyo ni hasira. Endelea."

Hakuendelea kusema. Aliendelea kula. Alikula kama alivyokuwa anakula akitoka shule, mabega yameinama, haongei, akafuta mchuzi kwa tonge la mwisho na kunyonya miiba. Akaisukuma sahani kwa mama yake. "Niongeze," alisema, na Veneranda akamwongeza, na hapo mimi nilijifunika khanga usoni nikalia bila aibu. Ikupa alinipiga kikumbo. "Lia baadaye," alisema, "ugali unapoa." Nilikula. Perege alikuwa na moshi wa kuni bado, nyanya zimemwingia mpaka kwenye mifupa, na ule ukoko wa chini niligombania na Ikupa hadi tukaugawana. Mimi simsifii mtu chakula. Siku ile nilimsifia.

"Kimepungua pilipili," nikaongeza, asije akazoea vibaya.

"Pilipili haipungui, ulimi wako ndio umekufa kwa magadi," alinijibu, na tukacheka wote wanne, na jiko lile likawa jiko.

Fredrick alitoka nje, akasimama kwenye jiwe lililo kando ya migomba, ndipo mtandao unaposhika. Tulimsikia akizungumza na mkewe, kwa sababu huku mlimani simu huongewa kwa kupaza sauti.

"Hapana, Irine, narudi peke yangu." Akahamishia simu sikio la pili. "Hapana, si mgonjwa. Amenipikia." Sauti yake ikabadilika. "Yeye mwenyewe, ndiyo. Nimekaa pale pale nikamwona. Kile chumba walaze watoto. Mama ana kwake."

Veneranda alikuwa ameshika kikombe, anachota maji ya kuloweka sufuria. Alisikia, nasi tuliona kuwa amesikia, maana maji aliyamimina nje ya sufuria. Alikiweka chini, akakaa kwenye kigoda, akaunyoosha ule mguu uliokanyaga ufito, akacheka peke yake, cheko la chini linalotoka tumboni. Ikupa akashindwa kujizuia. Akapiga kigelegele kilichowatoa kuku wote mbio kwenye ndoo yao ya makande, nami nikampokea, na Fredrick kule kwenye jiwe akawa anamweleza mkewe kwamba hapana, hakuna harusi.